Chokaa ya Idi

Marijani alishuka kwenye ngazi, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa jirani, maana kichochoro chenyewe hakikuwa na nafasi ya mtu kujidai, akaitazama nyumba. Uso wote wa mbele, kutoka msingi wa mawe mpaka chini ya vigae, ulikuwa mweupe pe. Moyo ukamjaa. Ramadhani ilikuwa inakatika, Idi inabisha hodi, na kwao Unguja hakuna mwenye haya anayeipokea Idi na ukuta uliofubaa. Chokaa aliipata kwa mafundi waliokuwa wakijenga mtaa wa pili. Aliiroweka, akaichuja kwa kitambaa cha mkewe bila ruhusa, akapaka, akarudia.

"Safia! Njoo uone nyumba yako."

Safia akatoka, mikono ina unga wa futari. Akakunja mikono kifuani, akaangalia juu, akaangalia chini.

"Mashaallah," akasema. "Sasa inafanana na nyumba ya watu. Ile kijivu ilikuwa inanitia simanzi, nilikuwa nanyamaza tu."

Maskini ya Mungu, hawakujua. Mwaka ule sikukuu mbili zilikuja zimefuatana, Mwaka Mpya wa Wachina mbele na Idi nyuma yake, na milango yote ya kichochoro kile cha Sanyuanli, huko kwa Wachina walikokuwa wakiishi kwa biashara, ilikuwa imebandikwa karatasi nyekundu zenye maandishi ya dhahabu. Wao wenyewe walizisifu jana yake. Lakini mtu akishikwa na furaha ya sikukuu yake, ya mwenzake huiona kama pambo tu, wala haulizi maana.

Wa kwanza kuwafumbua macho alikuwa Jemimah, Mkenya wa Nairobi aliyekuwa akinunua suruali za jinzi barabara ya Guangyuan Xilu na kuhifadhi mizigo yake kwao. Alikata kona amebeba mfuko begani, akasimama ghafla.

"Manze, Bwana Marijani! Nani amekufa?"

"Hakufa mtu hapa. Idi hiyo inakuja."

"Idi gani? Hawa watu wakifiwa ndio huvaa white. Kesho ndio usiku wa mwaka wao, kila mtu anaweka red, na wewe umeivalisha nyumba ya mwenyewe matanga? Mwenyewe ameona?"

"Lakini nyeupe ni sanda na nyeupe ni kanzu ya bwana harusi," Marijani akasema, sauti imeshaanza kumpungua nguvu. "Inategemea siku."

"Basi umekosa siku," Jemimah akasema, akatua mfuko chini.

* * *

Mwenyewe alikuwa Bi Leung. Ndivyo walivyomwita, kwa heshima ya kwao, ingawa yeye hakujua maana ya hiyo Bi. Aliishi na mwanawe Keung katika ghorofa ya nne ya jengo jipya lililosimama nyuma tu ya nyumba ile. Kijiji kizima, kilichokuwa kimemezwa na mji, kilikuwa kimeshabomoa nyumba za mababu na kupandisha maghorofa ya kupangisha, yamebanana mpaka mtu wa dirisha hili angeweza kumpa chumvi wa dirisha lile. Ya Bi Leung ilibaki peke yake katikati yao, fupi, ya kijivu, haitaki kufa. Keung aliitaka ibomolewe kila siku iendayo kwa Mungu. Mama akasema kila siku, bado.

Marijani alipoipanga aliidhania bohari. Alitaka mahali pa kuweka robota zake za mashati na mahali pa kulaza mke, kwa kuwa mke alikuwa amechoka kumngoja Unguja huku yeye analala hoteli za Xiaobei, wanaume wanne chumba kimoja. Alilipa kwanza ndipo akaingia, na alipofika akasimama mlangoni. Mlango ulikuwa wa sehemu tatu. Mbele kulikuwa na vibao vifupi vya kumzuia mpita njia asichungulie, kisha geti la magogo ya mviringo yaliyolazwa kwa ubavu, likisukumwa linateleza kwenye mfereji wa jiwe na kutoa mlio mzito, na nyuma yake mlango wenyewe wa mbao, mnene kama godoro. Upepo uliingia, mwizi hakuingia. Matofali yalipangwa yakakutana hivi hivi, hata wembe usingepita. Ncha za kuta mbili za pembeni zilipanda juu ya paa zikajipinda kama masikio ya karai.

Katikati ya nyumba paa lilikuwa wazi. Mvua ya kwanza ilipomkuta mle, Marijani alisahau kuanua nguo. Maji yalishuka kutoka pande zote nne za vigae, yakaanguka pamoja kwenye ua mdogo wa mawe, yakazunguka, yakazama kwenye tundu lisilozidi kiganja, na hakuna aliyejua mfereji ule unapita wapi wala nani aliuchimba. Aliketi juu ya robota la mashati, akatazama mpaka mvua ikakatika. Alikuwa mtu wa mji wa mawe, amezaliwa chini ya boriti za mikoko, na nyumba ya babu yake aliiona ikianguka kwa mvua ya masika, ghorofa ya juu ikaikalia ya chini. Hakutegemea kuja kukutana na nyumba tena huku kwenye mashati.

Ukuta wa ubavuni ndio uliommaliza kabisa. Ulijengwa kwa makombe ya chaza, maelfu kwa maelfu, yamelazwa kwa safu katika udongo na chokaa, makali yametazama nje. Jua la asubuhi lilipoupiga, ukuta mzima uling'aa na vivuli vyake vidogo vikasogea. Kumbe na watu hawa walivua bahari wakaisimamisha ukutani, kama wazee wake walivyofanya kwa matumbawe! Siku ya kupaka chokaa aliufikia ukuta ule na burashi mkononi, na mkono ukakataa. Aliirudisha burashi ndooni.

Laiti mkono huo ungekataa mapema kidogo.

* * *

Bi Leung alikuja na mwanawe mchana ule ule, maana habari mbaya haipandi ngazi kwa taabu. Alikuwa mzee mfupi, nywele zimekatwa usawa wa masikio, amevaa koti la pamba lililotiwa viraka vya rangi moja. Hakupiga kelele. Aliukaribia ukuta, akauwekea kiganja, kiganja kikatoka cheupe. Akakifuta kwenye suruali. Akakifuta tena. Majirani walikuwa wameshajaa kichochoroni, na mwanamke mmoja alimvuta mwanawe asiikanyage ile chokaa iliyodondoka chini.

Marijani alisimama kati yao na suruali yake yenye madoadoa, mtu mzima na ndevu zake, anatamani ardhi ipasuke.

Maneno yalipita vinywani mwa watu wawili kabla ya kumfikia. Bi Leung alisema kwa lugha ya Kikantoni, Keung akaigeuza Kimandarini, Jemimah akaitia Kiswahili, na Kichina cha Jemimah kilikuwa kimefundishwa na maduka, anajua kukataa bei kuliko kusalimia.

"Huyu jamaa anasema nyumba imejitangaza yenyewe," Jemimah akasema. "Imevaa nguo ya kufa. Ameshaongea na mafundi wa kuibomoa. Anamwambia mama yake, sasa unangoja nini?"

"Mwambie mama samahani," Marijani akasema. "Mwambie kwetu chokaa ni heshima. Mwambie sikujua."

Jemimah akasema aliloweza. Keung alicheka kidogo, akaitazama pager yake. Bi Leung hakucheka. Aliuliza swali moja, likapita mkondo wake likafika.

"Anauliza, ukiingia kwa mtu unabadilisha uso wa nyumba yake bila kumuuliza, hiyo pia ni heshima kwenu?"

Safia ndiye aliyejibu, nyuma ya mlango, ameshika shela yake chini ya kidevu. "Mwambie hapana. Si heshima. Tumekosa."

Mzee akamtazama Safia. Kisha akatoa hukumu yake kwa sauti ile ile ya chini. Kesho jua likizama, ukoo utakaa mezani kuula mwaka wa zamani. Mwaka mpya ukiingia ukaikuta nyumba hivi, basi atampa mwanawe ruhusa, na hatagombana naye tena. Nyumba iliyofiwa haikaliwi. Alipokwisha kusema hayo akaondoka, na kiganja bado anakifuta.

Hapo hapakuwa na la kupindisha. Nyumba ikienda, robota zingepata pa kukaa, robota hazina shida. Safia ndiye asiyekuwa na pa kukaa. Ingebidi arudi Unguja, na ndoa yao irudi kwenye simu za kukatika.

"Tuioshe," Safia akasema.

"Chokaa ikishaliuma tofali haitoki, mke wangu. Mimi nakwenda kutafuta chumba."

* * *

Alitafuta mpaka magharibi. Sanyuanli ilikuwa imejaa vikaratasi vya vyumba vya kupangisha, na kila alipobisha alisikia viatu vikija, mlango ukafunguliwa kwa furaha, kisha furaha ikakwama. *Meiyou*, hakuna. Kwenye jengo moja mwanamke alimwonyesha chumba kabisa, akamwashia taa, akamfungulia bomba la maji lililotoa kutu. Mumewe akaja kutoka chini, akamnong'oneza mkewe, na mwanamke akazima taa Marijani angali amesimama chumbani. Jengo jingine mtoto wa mwenye nyumba alimsugua mkono kwa kidole aone kama rangi inatoka, na baba yake akamwacha amalize ndipo akasema *meiyou*. Marijani akasema asante. Hakujua kwa nini alisema asante, na hilo lilimuuma kuliko mengine yote.

Alifuturu kwa maji ya dukani, amesimama, akageuza njia ya kurudi.

Aliisikia nyumba kabla hajaiona, kwa sauti ya burashi. Taa ilikuwa imetundikwa kwenye geti la magogo. Safia alikuwa juu ya ngazi, shela ameifunga kiunoni, na Jemimah chini yake amekunja suruali, na kichochoro chote kinanuka siki.

"Usiniulize," Jemimah akasema. "Bibi yako amemaliza siki ya duka zima. Yule laobani, mwenye duka, alidhani tunafungua hoteli."

"Inatoka?" Marijani akauliza.

"Inatoka kwa anayeitoa," Safia akasema bila kugeuka. "Kwetu masufuria yakishika chokaa tunayatia nini? Au wewe hujawahi kuosha sufuria?"

Marijani alivua koti. Akachukua burashi ile ile aliyoipakia.

Walilala kidogo, wakala daku, wakaanza tena kabla hakujapambazuka vizuri. Kazi ilikuwa ya tofali kwa tofali. Siki ilichemka povu jembamba juu ya chokaa, burashi ikapita, maji yakafuata, na chini yake likatokea tofali limelowa, kijivu chenye ubuluu, safi kuliko Marijani alivyowahi kuliona. Chokaa ilikuwa inatoka na masizi ya miaka yote. Kadiri walivyopanda, ndivyo nyumba ilivyozidi kuonekana changa. Swaumu iliwakausha midomo, vidole vikachubuka, lakini kila tofali lililojitokeza lilimvuta mtu aone la pili. Jemimah, asiyefunga, alikuwa akienda kunywa maji nyuma ya nyumba kwa adabu, akirudi anajifuta mdomo kama mwizi.

Bi Leung alitokea mchana, peke yake. Aliwatazama. Akaenda zake. Akarudi na kigoda, akaketi mbele ya nyumba yake, na baadaye kidogo akaanza kusema, ingawa hapakuwa na wa kumfasiria ila Jemimah, aliyelipata neno moja akilikosa jingine. Keung alikuja kumtafuta mama yake kwa ajili ya chakula, akajikuta ameshikwa ukalimani.

"Anasema nyumba ilikuwepo Waingereza walipokuja na mizinga," Jemimah akasema. "Ya zamani sana, ya mababu wa mababu. Wanakijiji walitoka na majembe kuwapiga. Babu wa mume wake alikuwa anaambiwa na babu yake, walisimama hapa hapa mlangoni wakinoa."

"Mwambie na sisi Waingereza walitupiga mizinga," Marijani akasema toka juu ya ngazi. "Asubuhi moja tu, wakavunja jumba la mfalme wetu."

Ilipofika kwa Bi Leung, mzee alitikisa kichwa polepole, akaguna kama mtu aliyesikia habari ya jamaa. Kisha akauliza kama jumba lilijengwa tena. Marijani akasema hapana. Bi Leung akaguna tena.

* * *

Alasiri ilikuwa imeshaegemea Marijani alipofikia chini ya vigae, juu kabisa ya mlango. Pale chokaa yake ilikuwa nzito, na chini yake aliona chokaa nyingine, ya zamani, imechanganyika na udongo. Aliilowesha kwa maji. Kipande kama sahani kikaachia chenyewe, kikamwangukia begani. Nyuma yake kulikuwa na wekundu.

Aliinua siki.

"*M'hou!*" Bi Leung alipiga ukelele wake wa kwanza tangu jana. Alikuwa ameshasimama, kigoda kimeanguka. Hilo halikuhitaji mkalimani. Marijani akaishusha chupa.

"Maji tu," Keung akasema kwa Kimandarini, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Maji tu, na mkono."

Basi kwa maji tu, na kwa kitambaa cha Safia, Marijani akauosha ukuta kama anavyooshwa mtoto uso. Chokaa ya zamani ililegea na ile mpya, zikashuka pamoja. Yakatokea matunda, mafungu ya laichi mekundu, kila tunda na vinundu vyake, na mwanga mdogo umeachwa upande mmoja. Wakatokea ndege wawili weusi wenye vifua vyeupe. Chini yao mto, daraja la jiwe, njia, na kwenye njia mtu mdogo amebeba mzigo wa safari begani, mguu mmoja umeshanyanyuka, anakwenda kwenye nyumba yenye kuta zilizojipinda kama masikio ya karai. Rangi zilikuwa mbichi, utadhani mchoraji amekwenda kunywa chai. Marijani, aliyekuwa karibu nazo kuliko wote, akashika ngazi kwa mikono miwili. Subhanallah, akasema.

Kichochoro kizima kilikuwa kimeinua vichwa. Hata yule mwanamke wa jana alikuwa amemwinua mwanawe begani aone.

Bi Leung akasema, na safari hii Keung hakugeuza chochote. Alisimama mdomo wazi akimtazama mama yake. Jemimah akamgusa kiwiko.

"Ni yeye aliyepaka," Keung akasema hatimaye, taratibu, na Jemimah akayafuata maneno moja moja. "Mama. Vijana wa mapinduzi walipokuwa wanazunguka nyumba kwa nyumba wakivunja vitu vya zamani. Alipanda usiku na udongo na chokaa. Mimi nilikuwa mtoto, nimelala. Hajawahi kuniambia."

"Na mbona hakuitoa baadaye?" Marijani akasema.

Keung akamuuliza mama yake. Mzee alijibu akiwa anamtazama yule mtu mdogo wa mchoroni, mwenye mzigo begani.

"Anasema aliolewa hapa," Jemimah akasema, na sauti yake ya sokoni ilikuwa imepotea. "Siku ya harusi mume wake alimwonyesha huyo mtu, akamwambia, huyo ni mimi, popote nitakapokwenda ninarudi. Akaenda Hong Kong kutafuta riziki. Wakati wa njaa. Hakurudi. Sasa anasema, angeitoa amtazame kila siku?"

Safia alikuwa ameketi kwenye kizingiti, analia waziwazi, wala hakujifuta. Keung alipanda ngazi Marijani aliposhuka. Alikaa kule juu kwa muda, na koti lake la ngozi, uso karibu na ukuta. Aliposhuka hakutaja mafundi. Alikwenda dukani, akarudi na karatasi mbili nyekundu, akazibandika mwenyewe ubavu huu na huu wa mlango, akazinyoosha kwa kiganja mpaka hazina kunyanzi.

Jua lilizama. Fataki zikaanza upande wa stesheni, na nyumba ilikuwa kijivu, imelowa, inang'aa.

* * *

Bi Leung alikuja asubuhi ya Idi, wakati Marijani ametoka kuswali. Alileta machungwa kwenye sinia. Safia akamtilia maandazi na tambi za sukari, na mzee akala kila alichopewa, ameketi ukingoni mwa ua, anautazama mwanga ukishuka. Jemimah alikuwepo, amekuja kula Idi ya watu kama kila mwaka. Ndipo mzee akasema alilolijia.

Jemimah alisikiliza, akaomba arudie, akasikiliza tena. Akaweka kikombe chini.

"Anarudi," akasema. "Anasema nyumba haitabomolewa, Keung amekubali. Na yeye anarudi kukaa. Ghorofa ya nne hataki kufia. Anawaomba mmpishe mwezi ukiisha."

Bi Leung akaelekeza kidole ukuta wa ndani, pale Marijani alipokuwa akitandika mswala wake. Pale ndipo ilipokuwa meza ya ibada ya wazee wa ukoo waliokufa, yenye majina yao na udi wao. Keung ataitoa kwenye sanduku, itarudi mahali pake. Marijani alielewa kabla Jemimah hajamaliza. Udi na mswala visingekaa ukuta mmoja, na mwenye ukuta ni mwenye ukuta. Alitaka kukasirika, akakitafuta kisirani chake kote kifuani, hakukiona. Aliona tu bibi kizee anayetaka kulala kwake.

"Mwambie haki yake," Safia akasema. "Mwambie hata mimi ningerudi."

Ilipofika siku, robota zilihamia bohari la mtu, Marijani akachukua kitanda cha nne katika chumba cha hoteli, barabara ya Huanshi Zhonglu, na Safia akakatiwa tiketi. Walitoka pamoja asubuhi, Marijani akiburuta begi la Safia la magurudumu lililopiga kelele juu ya mawe ya kichochoro. Bi Leung alisimama mlangoni chini ya laichi zake za ukutani, akawapungia kwa kiganja kizima, kisha akalisukuma geti la magogo, likateleza kwa ule mlio wake mzito.

Mwisho wa kichochoro Marijani akatua begi. Macho yalikuwa yamemwiva.

"Tumeumia bure, Safia. Ingebomolewa tungetoka, haikubomolewa tumetoka. Nilichubuka vidole vyote ili nikupeleke uwanja wa ndege."

"Kweli," Safia akasema. "Lakini hivi nikigeuka ninaiona."

Akageuka, akaitazama, na Marijani naye akageuka, wakasimama pale mpaka mbeba mizigo mmoja akawaomba njia.